Taa za dashibodi ya pikapu ya zamani zimezima karibu zote: ni balbu zimeungua au kuna jambo jingine?

Pikapu ya Kijani

Habari zenu waungwana. Nina pikapu ya petroli ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ya gia za mkono, yenye dashibodi ya mishale ya kawaida: spidomita katikati, geji ya mafuta na geji ya joto la injini upande wa kushoto, na safu ya taa za tahadhari chini yake. Kwa muda wa mwaka mzima sasa, taa zinazoangaza uso wa geji hizo wakati wa usiku zimekuwa zikizima moja baada ya nyingine. Ilianza iliyo upande wa kulia wa spidomita, nami nikaipuuza kwa kuwa namba za mwendo mdogo zilikuwa bado zinasomeka. Ikafuata ya kushoto, kisha ya geji ya mafuta. Imebaki moja tu, nyuma ya geji ya joto, kwa hiyo usiku ninajua vizuri sana kwamba injini haijachemka, lakini sijui ninakwenda kwa kasi gani wala tangi limebakiwa na nini. Juzi nilijikuta nikiimulika spidomita kwa tochi ya simu huku gari likiwa katika mwendo, nikaona kwamba uvivu huu umefika mwisho.

Kuna mambo matatu niliyoyaona ambayo huenda yakawasaidia kunishauri. La kwanza, nikipiga sehemu ya juu ya dashibodi kwa kiganja, taa moja ya spidomita huwaka kwa sekunde chache kisha ikazima tena. La pili, kile kitufe cha kuzungusha kinachoongeza na kupunguza mwanga kimekuwa kigumu, na nikikizungusha, hata hiyo taa moja iliyobaki huchezacheza. La tatu ni dogo na sina hakika kama linahusika: ninapofungua swichi ya ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya mafuta ya injini na ya breki ya mkono huwaka kama kawaida, lakini ile yenye alama ya betri haiwaki kabisa. Nilikuwa nikiliona hilo kuwa dalili njema, ingawa asubuhi nyingine gari huwa zito kidogo kuwaka.

Maswali yangu ni haya. Je, kazi hii ninaweza kuifanya mwenyewe kwa bisibisi na subira, au ni ya fundi umeme? Nikiamua kufungua, nitatoaje kisanduku cha geji bila kuvunja plastiki ambazo umri wake ni zaidi ya miaka thelathini? Na je, nirudishe balbu za kawaida au nitumie fursa hii kuweka za LED?

Mzee wa Nyaya

Ndugu yangu, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoleta magari yao wakiwa na sentensi moja tu: "taa haziwaki." Kabla hujashika bisibisi, nijibu mawili. Unapowasha taa ndogo, je, taa za nyuma na ile ya namba ya gari zinawaka? Na ukikizungusha kile kitufe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kumi au kumi na tano, mwanga wa ile taa iliyobaki unabadilika au unatulia?

Ninauliza kwa sababu katika magari mengi ya umri huo umeme wa kuangaza geji hutoka kwenye saketi ile ile ya taa ndogo, hupita kwenye fyuzi yake, kisha hupita kwenye kidhibiti mwanga, yaani kile kitufe chako cha kuzungusha, ndipo ufike kwenye balbu. Fyuzi ikiungua, hukosi taa moja ya dashibodi. Unakosa zote, na mara nyingi taa za nyuma nazo huzima. Katika baadhi ya magari kuna fyuzi ndogo ya pekee kwa taa za geji, lakini hata hapo zingezima zote kwa pamoja. Kwako zimezima kwa zamu, na moja bado inawaka, maana yake umeme unafika hadi ndani ya kisanduku. Nimewahi kuwaona watu wakivunja vishikizo vya dashibodi nzima kutafuta balbu, kumbe tatizo lilikuwa fyuzi inayopatikana karibu na goti la dereva.

Pikapu ya Kijani

Ahsante sana, mzee wangu. Taa za nyuma zinawaka zote mbili, na ya namba pia. Nimekizungusha kitufe kama ulivyosema, huku nikihesabu. Mara za mwanzo taa ilikuwa ikichezacheza kama mshumaa kwenye upepo. Kufikia mara ya kumi na mbili hivi ikatulia, na kwa kweli imeongezeka mwanga. Zile nyingine hazikurudi.

Mzee wa Nyaya

Basi sehemu moja umeitibu bila hata kufungua skrubu. Ndani ya kitufe hicho cha aina ya zamani kuna waya mwembamba uliozungushwa kama chemchemi, na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Kadiri umeme unavyopita kwenye waya mrefu zaidi, ndivyo taa zinavyofifia. Watu wengi hukiacha mahali pamoja kwa miaka, waya ukashika kutu mahali penginepo pote, na kidole nacho kikachafuka. Kukizungusha mara nyingi husugua uchafu huo. Ukikitoa siku ya kufungua, kipulizie dawa ya kusafishia viungo vya umeme, si mafuta ya kulainishia, kisha ukizungushe tena.

Kuhusu zilizobaki, zinazozima kwa zamu huwa zimeungua kwa sababu ya umri, kwani zote ziliwekwa kiwandani siku moja na zimefanya kazi kwa saa zile zile. Ile inayorudi ukipiga dashibodi inaweza kuwa na moja kati ya hali mbili: ama uzi wa ndani umekatika na ncha zake zinagusana gari likitikisika, ama balbu ni nzima lakini soketi yake haishiki vizuri. Hutajua hadi uitoe.

Bisibisi Bapa

Nimekwisha kufungua dashibodi za pikapu za aina hii mara nyingi, yangu na za watu, na nathubutu kusema kwamba kazi yenyewe ni nyepesi. Kinachowashinda watu ni haraka. Tenga nusu siku, wakati wa mchana, na kama mahali ulipo kuna baridi, liache gari juani kwanza ili plastiki ipate joto. Plastiki kuukuu yenye baridi hupasuka pale pale ambapo ile yenye joto ingepinda.

Anza kwa kutoa waya wa hasi kwenye betri. Wengine huiruka hatua hii kwa kuwa ni "balbu tu", lakini taa za geji zinapata umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, ilimradi swichi ya taa ndogo imewashwa, na mgongo wa kisanduku umejaa shaba iliyo wazi. Ikigusa chuma cha dashibodi, utaunguza fyuzi, na bahati ikiwa mbaya utaunguza njia ya shaba yenyewe, ambayo haina fyuzi ya kubadilisha. Kama gari lako lina mfuko wa hewa kwenye usukani, jambo ambalo kwa pikapu ya miaka hiyo si la kawaida, fuata maelekezo ya kitabu cha gari kuhusu muda wa kusubiri baada ya kutoa betri, wala usiguse plagi zake.

Kama usukani unaweza kushushwa, ushushe hadi chini kabisa, na uweke gia ya pili au ya nne ili kirungu kikae nyuma, mbali na mikono yako. Kisha uyazuie magurudumu kwa mawe, usitegemee breki ya mkono peke yake. Tandika kitambaa juu ya nguzo ya usukani. Fremu ya plastiki inayozunguka geji kwa kawaida hushikwa na skrubu mbili juu, ndani ya kivuli, zikiwa zimeelekea chini, ambazo huzioni hadi uinamishe kichwa karibu na usukani. Nyingine hufichwa nyuma ya vitufe au vifuniko vidogo. Kanuni yangu ni moja: ukivuta na plastiki ikagoma upande mmoja tu, hapo kuna skrubu uliyoisahau. Usiongeze nguvu, tafuta skrubu. Vishikizo vya kubana hutoka kwa sauti fupi kavu na kwa mvuto wa usawa. Kinachopinda bila kutoa sauti hakijashikwa na kishikizo.

Fremu ikitoka, utaona kisanduku chenyewe kimefungwa kwa skrubu tatu au nne. Zifungue na ukivute kuelekea kwako taratibu, kama upana wa vidole vitatu, kisha usimame. Hapo ndipo wengi huharibu. Pikapu yako, kwa umri wake, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na spidomita inayoendeshwa na kebo ya chuma inayozunguka kutoka kwenye giaboksi, na kebo hiyo imeshikwa mgongoni mwa spidomita kwa kola ya plastiki yenye kiulimi. Pitisha mkono nyuma, tafuta kiulimi kwa kidole, kibonyeze, na uivute kebo moja kwa moja bila kuipindisha. Kama mkono haupiti kwa kuwa kebo ni fupi, nenda kwenye chumba cha injini, tafuta mahali kebo inapopenya ukutani kuingia kabini, na uisukume kuelekea ndani. Mara nyingi sentimita chache tu ndizo zinazokosekana. Usiitumie kebo kama kamba ya kuvutia kisanduku.

Kisha kuna plagi mbili au tatu za nyaya, kila moja na kiulimi chake. Zipige picha kwa simu kabla ya kuzitoa. Najua zimetengenezwa zisiweze kuchanganywa, lakini nimewahi kuwaona mafundi wakizichanganya.

Sasa kisanduku kiko mikononi. Kiweke juu ya taulo. Mgongoni utaona karatasi ya plastiki yenye njia za shaba, na juu yake soketi ndogo za plastiki za rangi mbalimbali, kila moja ikiwa na mfereji wa bisibisi au masikio mawili ya kushikwa. Soketi inazungushwa robo mzunguko kinyume cha saa, nayo hutoka pamoja na balbu. Balbu yenyewe haina uzi wa skrubu. Inavutwa tu moja kwa moja. Zilizoungua huwa zimeingia weusi wa moshi ndani ya kioo. Zile ambazo kioo chake kimekuwa cha rangi ya fedha kama kioo cha kujitazamia, lakini bado zinawaka, zitupe vilevile, kwa maana hazina miezi mingi. Na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: ukishafungua, badilisha balbu zote za kuangaza, hata ile ya geji ya joto ambayo bado inawaka. Ni rika la zile zilizokufa. Hutaki kurudi humu baada ya wiki sita.

Soma maandishi yaliyo kwenye kitako cha balbu kabla ya kununua nyingine. Zipo za kipenyo cha takriban milimita 10, ambazo wauzaji huziita T10, na zipo nyembamba za milimita 5, yaani T5, ambazo kwa kawaida ni za taa za tahadhari. Hakikisha pia kama gari lako ni la volti 12. Baadhi ya malori madogo ya dizeli ni ya volti 24. Lakini mtego mkubwa ni wa wati. Balbu ya wati 3 na ya wati 5 zina kitako kile kile na zinaingia kwenye soketi ile ile, na mtu anayetaka mwanga mwingi huweka ya wati 5 kwa furaha. Kisanduku hakina pa kupumulia. Joto la ziada huyeyusha soketi, hukausha vichujio vya rangi, na hugeuza plastiki nyeupe ya ndani kuwa ya kahawia, ambayo hairudishi mwanga, kwa hiyo baada ya muda una mwanga hafifu kuliko ulioanza nao.

Zikiwa nje, kagua vile viulimi viwili vya shaba vya kila soketi vinavyogusa karatasi ya saketi. Vikiwa vyeusi, visugue kwa kifutio cha penseli hadi ving'ae, na usugue pia ile duara ya shaba vinapogusa, kwa mkono mwepesi, kwa kuwa shaba hiyo ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kisha vipinde viulimi kidogo sana kwenda nje ili vibane. Nadhani taa yako inayorudi ukipiga dashibodi itaponea hapa. Safisha na kioo cha mbele kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni. Usithubutu kutumia petroli wala thina, kwa maana huleta nyufa ndogondogo ambazo hazifutiki. Ukifungua kioo, mishale isiguswe hata kwa unyoya.

Kabla ya kufunga hata skrubu moja, rudisha plagi, rudisha betri, washa taa ndogo, na utazame. Hapo ndipo utakapomshukuru Mungu kwamba hukuwa umefunga.

Mwanga Mweupe

Maelezo ya Bisibisi Bapa ni mazuri, ila mimi nitatetea LED, kwa kuwa swali la tatu la mwenye pikapu halijajibiwa. Balbu ya kawaida ya wati 3.4 hula takriban ampea 0.28, wakati ya LED ya kimo hicho hula sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Joto ni dogo sana, na haina uzi wa kukatika kwa mitikisiko ya barabara mbovu. Mimi nimeziweka kwenye pikapu yangu zote, na usiku dashibodi inasomeka bila kukaza macho.

Jambo la kuzingatia ni kwamba LED ina chanya na hasi. Ikikataa kuwaka, usiirudishe dukani. Itoe, igeuze nyuzi 180, uirudishe. Ndiyo maana ushauri wa kujaribu kabla ya kufunga ni wa lazima zaidi kwa LED kuliko kwa balbu.

Mzee wa Nyaya

Sizipingi LED, Mwanga Mweupe, lakini tumwambie mwenzetu na upande wa pili. Dashibodi hizi zilibuniwa kwa balbu inayotoa mwanga pande zote, ambao hugonga kuta nyeupe za kisanduku na kusambaa. LED nyingi za bei rahisi hutupa mwanga mbele tu, kwa hiyo unapata duara linalong'aa nyuma ya namba moja na giza kwenye namba ya jirani. Anayezitaka atafute zenye vijitaa ubavuni pia.

La pili ni rangi. Mwanga mweupe unaoelekea bluu una wekundu mchache, na mshale wa spidomita kwa kawaida ni mwekundu au wa rangi ya chungwa. Matokeo yake, namba zinang'aa kama mchana lakini mshale, ambao ndio unaoutafuta, unafifia. Nyeupe yenye unjano husaidia.

La tatu, kile kidhibiti mwanga cha waya nilichokieleza kilipimwa kwa mzigo wa balbu. LED zinapovuta umeme kidogo namna hiyo, ukikizungusha hutaona tofauti kwa sehemu kubwa ya mzunguko, au tofauti itakuja ghafla mwishoni. Na kwa anayeendesha usiku mrefu vijijini, uwezo wa kupunguza mwanga si pambo. Mwanga mkali mbele ya macho hupunguza uwezo wa kuona barabara.

La nne ni taa ya indiketa. Kuna magari ya zamani yenye taa moja tu ya mshale kwenye dashibodi kwa pande zote mbili, iliyounganishwa kati ya saketi ya kulia na ya kushoto, umeme ukipita upande huu au ule kulingana na indiketa uliyowasha. Balbu haijali. LED ya kawaida hapo itawaka ukikata kulia na itanyamaza ukikata kushoto.

Bisibisi Bapa

Niongeze mstari mmoja kuhusu balbu za kawaida, kwa kuwa kuna imani inayozunguka kwamba zisiguswe kwa vidole. Hilo ni la balbu za halojeni za taa kubwa za mbele, ambazo kioo chake hupata joto kali sana. Hizi ndogo za dashibodi zishike tu.

Fundi wa Altaneta

Nimesoma mazungumzo yote haya nikisubiri mtu alitaje jambo la tatu la mwenye swali, na naona limepitwa. Ndugu Pikapu ya Kijani, umesema taa yenye alama ya betri haiwaki ufunguo unapofunguliwa, na kwamba ulidhani ni dalili njema. Si njema hata kidogo, na kwangu ndiyo habari kubwa katika mada hii.

Taa hiyo si ya kukuarifu tu. Katika magari mengi ya kizazi hicho, umeme mdogo hutoka kwenye swichi ya ufunguo, hupita ndani ya balbu hiyo, na kwenda kwenye altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili izalishe umeme wa kuchaji betri, kwenye nukta ambayo kwa kawaida huandikwa L au D+. Umeme huo ndio unaoiamsha altaneta, kwa kuipa sumaku ya kuanzia. Altaneta ikishaanza kuzalisha, volti zinakuwa sawa pande zote mbili za balbu, umeme haupiti tena, na taa inazima. Kwa hiyo inapozima baada ya injini kuwaka, haijazimwa na mtu. Imekosa tofauti ya kuiwasha.

Sasa balbu hiyo ikiungua, njia imekatika. Altaneta inaweza kukaa bila kuzalisha injini ikiwa katika mwendo wa chini, hadi ukanyage mafuta na mabaki ya sumaku yaliyo ndani yake yaiamshe. Anayeendesha safari fupi, mara nyingi gari likiwa limesimama likinguruma, huenda asiichaji betri hata kidogo. Gari lako ni zito kuwaka asubuhi nyingine. Umeona uhusiano? Baadhi ya watengenezaji waliweka rezista, kifaa kidogo kinachopitisha umeme kwa kiasi, sambamba na balbu ili altaneta iamke hata balbu ikifa, lakini usilitegemee hilo bila kupima.

Kwa sababu hiyo hiyo, hata ukizipenda LED kiasi gani, mahali hapo weka balbu ya uzi yenye wati zile zile za kiwandani. LED hupitisha umeme mdogo mno, na inaweza kukuwakia vizuri huku altaneta imelala.

Pima hivi. Kabla ya kufungua chochote, washa injini, iache katika mwendo wa chini bila kukanyaga mafuta, na uweke multimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye nguzo za betri. Ukisoma volti 12 na nukta chache, altaneta haifanyi kazi. Kanyaga mafuta mara moja, uache, usome tena. Ikipanda hadi karibu na 14 na kubaki hapo, umepata jibu. Ikipita 15, una tatizo jingine, la kidhibiti chaji, na hilo nalo huua balbu: volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu ya uzi hupungua hadi karibu nusu.

Pikapu ya Kijani

Waungwana, nimefungua, nimefunga, na gari linatembea. Naleta ripoti kama deni.

Kwanza nilipima kama Fundi wa Altaneta alivyoelekeza. Injini katika mwendo wa chini: volti 12.3. Nikakanyaga mafuta hadi injini ikalia, nikaachia: 14.1, na ikabaki hapo. Nilirudia mara tatu kwa kuzima na kuwasha upya, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Yaani kwa muda ambao siujui nimekuwa nikiichaji betri kwa kubahatisha.

Kutoa fremu kulinichukua saa nzima, kwa kosa langu mwenyewe. Skrubu ya tatu ilikuwa nyuma ya kifuniko cha mahali pa swichi ambayo gari langu halina, na nilivuta hadi nikasikia plastiki ikilalamika ndipo nikakumbuka ile kanuni ya upande unaogoma. Kebo ilikuwa fupi kweli; nilimwomba mwanangu aisukume kutoka kwenye chumba cha injini wakati mimi nikibonyeza kiulimi, na ikatoka bila ugomvi.

Balbu za kuangaza zilikuwa tano. Tatu zimeungua, nyeusi kabisa ndani. Ya nne, iliyokuwa ikirudi nikipiga dashibodi, ilikuwa nzima: multimita ilisoma omu chache kati ya miguu yake, na viulimi vya soketi yake vilikuwa vyeusi kama sufuria ya kuni. Kifutio kilitosha. Moja kati ya zile tatu zilizoungua iliandikwa wati 5 wakati nyingine zote ni 3, na soketi yake imeyeyuka mdomo, na plastiki iliyo mbele yake ina doa la kahawia la ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Mmiliki aliyetangulia alitaka mwanga. Balbu ya alama ya betri ilikuwa na uzi uliokatika katikati. Ukiitikisa sikioni unausikia. Nimeweka za uzi kote, wati zile zile, na soketi moja mpya.

Sasa nikifungua ufunguo, alama ya betri inawaka nyekundu, na injini ikishika tu inazima. Multimita inasoma 14.1 bila kukanyaga chochote.

Limebaki jambo dogo. Baadhi ya balbu za kuangaza zilikuwa zimevishwa vikofia vya mpira vya rangi ya kijani, na viwili vilivunjikavunjika mkononi mwangu kama ganda la yai kwa ukavu. Hivyo geji ya mafuta na upande wa kulia wa spidomita vina mwanga wa njano, na vingine ni vya kijani. Nizipake balbu rangi?

Mzee wa Nyaya

Usipake rangi, itaungua na kunuka. Ama utafute vikofia vingine vya kipimo hicho, ama uvivue vyote vilivyobaki. Ukivivua, dashibodi yote itakuwa ya njano kidogo, lakini ya aina moja, na mwanga utaongezeka bila kuongeza wati, kwa kuwa mpira ule wa zamani ulikuwa ukiumeza mwingi.

Pikapu ya Kijani

Nimevivua vyote jioni hii. Ni njano, na mshale mwekundu unaonekana hadi ncha yake. Tangi, kumbe, liko robo.